Jinsi ya kuthibitisha kwamba seli T ndizo zinazoleta EAE kwa panya

Katika EAE, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo unaosababishwa maabarani kwa majaribio, kinga ya panya inaishambulia mayelini yake mwenyewe, ile ala inayofunika nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo. Ndiyo maana tunautumia ugonjwa huu kuchunguza maltipo sklerosisi, ugonjwa wa binadamu unaofanana nao. Lakini panya akiugua baada ya kuchanjwa kwa kipande cha mayelini, bado hujajua ni sehemu ipi ya kinga iliyo mkosaji. Lazima uzihamishe seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, kutoka kwa panya waliochanjwa (watoaji) hadi kwa wazima, kama walivyofanya Ben-Nun, Wekerle na Cohen mwaka 1981 kwa panya wa jamii kubwa. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie.

Hatua ya 1: Chanja watoaji. Tumia panya wa maabara wa aina ya C57BL/6, wa kike, wiki 8 hadi 12. Koroga peptaidi ya MOG 35–55 (kipande kifupi cha protini ya mayelini) na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa, mpaka upate rojo nyeupe nzito. Dondosha tone juu ya maji: likibaki duara, ichome rojo kwa sindano chini ya ngozi, likitawanyika, endelea kukoroga. Tafadhali usikiruke kipimo hiki. Rojo mbovu inapoteza wiki nzima, na uhai wa panya bure.

Hatua ya 2: Vuna. Siku ya 10, chukua wengu na tezi za limfu. Lea seli siku 3 pamoja na peptaidi ileile na interlukini-23 (protini inayochochea seli za kinga), kisha tenga seli T zenye alama ya CD4 kwa vishanga vya sumaku. Usipozitenga, huwezi kusema ni seli T.

Hatua ya 3: Hamisha. Choma seli milioni 10 tumboni mwa panya ambao hawajachanjwa. Kundi la pili lipate seli za panya waliochanjwa kwa protini ya yai. Bila kundi hilo huna hoja.

Hatua ya 4: Soma mkia. Kila asubuhi pima uzito, kisha mwinue panya kwa shina la mkia. Mkia mzima unajikunja na kutafuta kidole chako. Uliolegea unaning'inia kama uzi uliolowa. Hiyo ni alama 1. Miguu ya nyuma ikidhoofika ni 2, ikipooza ni 3, ya mbele ikifuata ni 4. Anayesoma asijue panya yupi ni wa kundi lipi. Aliyepooza hafikii chakula cha juu: mwekee kilicholoweshwa sakafuni, na umkamue kibofu taratibu.

Hatua ya 5: Kata uti wa mgongo. Kwa waliougua utaona kwa darubini seli za kinga zimesongamana kuzunguka mishipa ya damu, na kandokando mayelini imemegwa. Kwa wale wa protini ya yai, ala iko nzima.