Somo: Kugawa diski unapoweka Linux pembeni ya Windows

Wakuu, swali hili nimeshalijibu mpaka vidole vimechoka, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Naongelea Mint au Ubuntu (aina mbili za Linux) kwenye laptopu ya UEFI (mfumo wa kuwashia wa laptopu za kisasa) yenye Windows ambayo bado unaitaka.

1. Bakapu. Kwenye diski ya nje, sio kwenye D ya diski hiyohiyo.

2. Zima Fast Startup (ile ya Windows kutozimika kabisa ili iwake haraka). Kama BitLocker (kufuli la siri la diski la Windows) imewashwa, nakili ile funguo ya tarakimu 48 kwenye karatasi.

3. Punguza C ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management. GB 60 zinatosha kuanzia, ziache wazi hivyohivyo, usizifomati.

4. Washa kwa flashi yenye Linux, chagua kugawa mwenyewe.

5. Patisheni (kipande cha diski) ya EFI, yaani ya kuwashia. Hapa ndo vilio vinapoanzia. Utaona kipatisheni kidogo cha FAT32, MB 100 au 260 hivi, humo ndo kuna faili za kuwashia Windows na Linux nayo itaweka zake humohumo, wanakaa pamoja bila ugomvi. Kichague kitumike kama EFI ila USIWEKE TIKI kwenye kufomati. Ukikifomati mafaili yako ya C yanabaki salama lakini Windows haiwaki tena, na mtu akiona hivyo anapaniki anafuta diski nzima, hapo sasa ndo kapoteza kweli. Ikishatokea tulia, tafuta flashi ya Windows, kuna amri inaitwa bcdboot inarudisha zile faili. Angalia pia majina ya diski: flashi yenyewe inaweza kujitokeza kama sda na diski yako ikawa nvme0n1, kwa hiyo fuata ukubwa, usifuate jina.

6. Ile nafasi wazi ifanye ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), mount point (mahali pa kuipachika) iwe /, yaani mzizi wa mfumo mzima. Basi.

Swali: Mkuu mi nigawaje ya kwangu?

Jibu: Diski GB ngapi? Windows ipo? Mi sio mganga.

Swali: Nimeweka kila kitu sawa lakini haijakubali.

Jibu: "Haijakubali" ndo nini? Piga picha skrini.

Swali: Kiongozi, kwa nini hujatenga /home (folda ya mafaili ya mtumiaji) na swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM)? Zamani tuliambiwa lazima.

Jibu: Swali zuri hili. /home ya peke yake inasaidia siku ukitaka kuweka mfumo upya, unafomati / tu na nyaraka zako hazijaguswa. Ila kwenye GB 60 utakuta / imejaa huku /home ina nafasi ya bure, mi naitenga kuanzia GB 200 hivi. Swap, Ubuntu tangu 17.04 inatengeneza faili yenyewe. Ukitaka hibernate (kuzima huku kazi zako zimehifadhiwa kwenye diski) ndo tenga patisheni isiyopungua RAM yako.

Swali: Mi diski haionekani kabisa kwenye hatua ya 4.

Jibu: Ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka) uangalie kama diski imewekwa mtindo wa RAID au Intel RST, inatakiwa mtindo wa AHCI ndo Linux iione. Usibadilishe kichwakichwa, Windows itagoma kuwaka. Iwekee kwanza iwake kwa Safe Mode (Windows yenye vitu vya lazima tu), badilisha AHCI, iwake mara moja humo, halafu itoe Safe Mode.

Swali: Imeonekana mkuu! Na nimeikuta BitLocker imewaka, sikuwahi hata kuiwasha.

Jibu: Laptopu nyingi zinakuja hivyo. Funguo iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ichukue kabla hujaendelea.