Taa ya kruzi inawaka kwenye Hilux? Anza na swichi ya breki

Nimetoka kumsaidia dereva wa Hilux Vigo ya gia za mkono. Taa ya CRUISE ilikuwa inawaka na kuzima, kruzi (mfumo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta) haishiki, na alikuwa ameshashauriwa anunue kompyuta ya injini nyingine. Tafadhali usinunue chochote kabla hujapima. Mara nyingi sana shida ni kiswichi cha bei ndogo kilicho juu ya pedali ya breki.

Hatua ya 1: Angalia taa nyingine

Kama taa ya injini nayo imewaka, shughulikia hiyo kwanza, maana kompyuta ya injini huizuia kruzi yenyewe ikiona hitilafu. Kama taa ya eabegi imewaka na honi haipigi, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Soma msimbo

Chomeka skana, kifaa kinachosoma misimbo ya hitilafu, kwenye soketi ya OBD (ya kupimia gari) chini ya dashibodi, upande wa dereva. P0571 na P0504 zinakupeleka kwenye swichi ya breki, P0500 kwenye kipimo cha mwendo, P0565 kwenye swichi ya kruzi ya usukani. Andika msimbo kwanza, ndipo ufute. ELM327 ya Bluetooth (kiskana kidogo cha kutumia na simu) inasoma misimbo hii, lakini mimi napendelea skana inayoonyesha hali ya swichi papo hapo. Utaona faida yake hatua ya 4.

Hatua ya 3: Fyuzi ya STOP

Hii ndiyo ya taa za breki. Ikiwa imeungua, badilisha kwa ampea zilezile.

Hatua ya 4: Swichi ya breki

Hapa ndipo saa zinapopotea. Mtu anakanyaga breki, mwenzake nyuma anapiga kelele "zinawaka!", basi wanahitimisha kuwa swichi ni nzima. Kipimo hicho hakitoshi. Swichi ya gari lenye kruzi ina njia mbili za umeme na pini nne. Njia moja iko wazi na hujifunga ukikanyaga, hiyo ndiyo inayowasha taa za nyuma. Ya pili imejifunga muda wote na hukatika ukikanyaga, na ndiyo inayoiambia kruzi iachie. Kompyuta inalinganisha zote mbili. Zisipobadilika pamoja, kruzi inazimwa na taa inawaka, hata kama taa za breki zinang'aa vizuri kabisa.

Chomoa plagi ya swichi, weka mita kwenye kupima mwendelezo (inalia umeme ukipita). Pedali ikiwa huru, jozi moja ya pini lazima ilie na nyingine inyamaze, ukikanyaga, zibadilishane. Jozi isiyobadilika ndiyo iliyokufa, badilisha swichi. Chukua halisi, au iliyotumika uliyoipima dukani kwa mita yako. Za bei ya kutupa sizifungi kwenye gari la mtu.

Swichi ikipita kipimo, bado hujamaliza. Tazama kipira kidogo kwenye mkono wa pedali, pale ncha ya swichi inapogusa. Kikikauka na kupasuka, ncha inapenya tundu lake na taa za breki zinabaki zimewaka. Angalia pia nafasi: pedali ikiachiwa, ncha ibaki imechomoza milimita moja hadi mbili hivi. Swichi ikikaa mbali mno, mtikisiko wa barabara ya vumbi unatosha kuichezesha, na kruzi inakatika safarini ilhali gereji kila kitu ni sawa. Ndiyo maana nataka skana ya papo hapo: tikisa waya na gusagusa pedali huku ukitazama kama hali zote mbili zinabadilika kwa pamoja.

Jambo jingine ni balbu. Magari mengi hutumia waya wa balbu za breki kama njia ya kurudi kwenye bodi. Balbu zote zikiungua, au zikibadilishwa kuwa LED, kompyuta inaweza kuona umeme unaoelea na kudhani umekanyaga breki. Rudisha balbu za kawaida kwa muda ujaribu. Kagua na waya wa trela, hasa kama aliyeufunga aliunga kwa kusokota na selotepu.

Usiunganishe waya moja kwa moja ili kuidanganya kompyuta. Njia ya pili ya swichi ndiyo inayoachia kruzi unapofunga breki. Ukiiunganisha hivyo, unaweza kukanyaga breki huku injini bado inasukuma gari. Kazi hiyo mimi siifanyi hata mteja akisisitiza.

Hatua ya 5: Klachi na usukani

Gari la gia za mkono lina swichi nyingine kwenye pedali ya klachi, nayo ipime mwendelezo, ibadilike ukikanyaga. Kwenye usukani, tatizo huwa kitufe cha kruzi au spairo kebo, utepe wa nyaya ndani ya usukani unaopitisha umeme wa eabegi, honi na vitufe. Kabla ya kugusa chochote hapo, chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu eabegi iko mbele ya uso wako. Kama hujawahi kuitoa, mpe fundi umeme aliyewahi.

Hatua ya 6: Jaribio

Futa msimbo, nenda barabara iliyonyooka isiyo na magari, upite kilomita 40 kwa saa ndipo ubonyeze kitufe cha SET. Gusa breki kidogo tu: kruzi iachie mara moja. Rudia kwa klachi, kisha kwa kitufe cha CANCEL. Ikichelewa hata kidogo kwenye breki, izime na urudi hatua ya 4.