SOMO: Jinsi ya kujiandaa na LNAT, mtihani wa kuingilia shahada ya sheria Uingereza. Soma mpaka mwisho ndo uulize

Wakuu habari zenu. Kila msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia inboksi yangu inajaa swali lile lile, "kaka ulijiandaaje na LNAT", na nusu yao wanaongezea "nianze kusoma sheria ya mkataba au ya jinai?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja, atakayekuja inboksi baada ya hapa namrushia uzi huu naendelea na shughuli zangu.

Jambo la kwanza, hamna sheria humo ndani. Hata chembe. Ni mtihani wa kusoma na kufikiri, unafanyika kwenye kompyuta, una sehemu mbili. Sehemu A unapewa vifungu 12 na maswali 42 ya kuchagua, kila swali lina majibu matano, dakika 95. Sehemu B unapewa mada tatu unachagua moja unaandika insha, dakika 40. Jumla saa mbili na robo. Alama unayopewa ni ya sehemu A tu, yaani kati ya 42. Insha haisahihishwi na wenye mtihani, inatumwa kwenye chuo ulichoomba na wao wenyewe wanaamua waifanyie nini.

HATUA YA 1. Hakikisha chuo chako kinautaka. Oxford, Cambridge, UCL, LSE, King's, Durham, Bristol, Glasgow na vingine wanautaka, ila orodha inabadilika kwahiyo ingia tovuti ya LNAT uangalie ya mwaka wako.

HATUA YA 2. Jisajili. Usajili unafunguliwa Agosti, mitihani inaanza Septemba, unachagua kituo cha Pearson VUE (kampuni inayoendesha mitihani ya kompyuta) na siku, unalipa, basi. Ila shika hili: kwa msimu mmoja unafanya MARA MOJA TU. Ukijifanya mjanja ukarudia, matokeo ya mara ya pili hayahesabiki. Na alama hazivuki mwaka, ukiomba tena mwakani unafanya upya. Pia kila chuo kina tarehe yake ya mwisho na Oxford wanawahi kuliko wengi, usije ukapata nafasi kituoni wakati dirisha la chuo limeshafungwa.

HATUA YA 3. Soma makala za maoni kila siku. Siyo habari, MAONI, zile ambazo mtu anabishana na mtu. Ukimaliza funika, andika sentensi moja: huyu anataka niamini nini? Ukishindwa kuiandika hujaelewa, rudia. Moja au mbili kwa siku zinatosha, usijikamie.

HATUA YA 4. Mazoezi. Hapa ndo nilipoumia mwenyewe kwahiyo nivumilieni nitaandika sana.

Mara ya kwanza nilipata 17. Na siyo kwamba sikujiandaa, nilikuwa nafanya mtihani wa mazoezi, nahesabu alama, nakasirika, nafanya mwingine. Miezi miwili nzima. 18, 20, 17, 19. Nikawa najiambia nikimaliza ya kutosha itapanda yenyewe. Haikupanda, chuo nilichokitaka kilinitosa, nikakaa mwaka mzima nyumbani nikiangalia wenzangu wanapaki mabegi. Mwaka uliofuata ndo nikachukua karatasi zile zile za zamani nikaanza kujiuliza kila nilipokosa, KWA NINI lile jibu langu lilinivutia? Nikagundua karibu makosa yote yalikuwa ya aina moja. Nilikuwa nachagua jibu ambalo ni KWELI DUNIANI badala ya jibu linalotokana na kifungu. Kifungu kikizungumzia kitu ninachokijua ndo nilikuwa nafeli zaidi, maana nilikuwa najibu kutoka kichwani kwangu na siyo kutoka kwenye karatasi.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe, usiutafute popote:

"Ajali nyingi kwenye barabara hii hutokea usiku. Kwahiyo tukizuia magari kupita usiku, ajali zitapungua."

Swali: mwandishi anachukulia jambo gani bila kulisema?
(a) Madereva wengi wa usiku huwa wamelewa
(b) Watakaozuiwa usiku hawatapata ajali wakiendesha mchana
(c) Barabara hiyo haina taa
(d) Mchana hakuna ajali
(e) Madereva wa usiku hawana uzoefu

Mimi wa zamani ningeruka kwenye (a) au (c) chap, kwa sababu zina mantiki, ndo maisha yalivyo. Lakini mwandishi hajagusa ulevi wala taa, na hoja yake haizihitaji. Dawa ni hii: kanusha kila jibu halafu angalia hoja inaanguka au inasimama. Kanusha (c), sema barabara ina taa. Hoja bado imesimama. Kanusha (d), sema mchana nako kuna ajali. Bado imesimama, yeye alisema zitapungua, hakusema zitaisha. Kanusha (b), sema waliozuiwa watapata ajali zile zile mchana. Imeanguka puu! Kwahiyo jibu (b).

Angalizo:
- Jihadhari na maneno makali kwenye majibu, "wote", "kamwe", "hakuna", "lazima". Siyo kwamba ni makosa kila mara, ila mwandishi wa kifungu mara nyingi hajasema kwa ukali huo.
- Usimalize mitihani yote ya mazoezi wiki ya kwanza. Iliyopo bure kwenye tovuti yao siyo mingi na ndo inayofanana kabisa na kitu chenyewe. Mtihani mmoja ufanye siku moja, siku mbili zinazofuata uchambue.
- Weka daftari la makosa. Safu tatu zinatosha: nilichagua nini, kwa nini kilinivutia, neno gani kwenye kifungu lilipaswa kunizuia. Hiyo safu ya tatu ndo yenye hela.
- Hata ulizopata kwa kubahatisha ziingie kwenye daftari. Kubahatisha siyo kujua.

HATUA YA 5. Muda. Dakika 95 kwa vifungu 12 ni chini kidogo ya dakika 8 kwa kifungu, kusoma na kujibu. Ukikwama weka alama kwenye swali uendelee, ndani ya sehemu A unaweza kurudi. Ukishaingia sehemu B hurudi A. Jibu kosa halipunguzi alama kwahiyo kuacha swali wazi ni uzembe tu.

HATUA YA 6. Insha. Maneno 500 mpaka 600 yanatosha, 750 ndo mwisho. Chagua mada unayoweza kubishana nayo siyo unayoipenda. Tuseme mada ni "je, kupiga kura kuwe lazima?", shika upande mmoja toka aya ya kwanza, sema "lazima" una maana gani (faini? kifungo?), leta hoja mbili zilizoshiba, halafu chukua hoja NGUMU kuliko zote ya upande wa pili uijibu. Siyo ile nyepesi ya kujipigia. Dakika tano mpaka nane za mwanzo panga tu, usiandike.

HATUA YA 7. Siku yenyewe beba kitambulisho walichokutajia kwenye barua ya uthibitisho, fika mapema.

Karibuni kwa maswali ila someni kwanza.

———

Mtoto_wa_Mama: Mkuu asante kwa somo. Naomba kujua nisome vitabu gani vya sheria kujiandaa?

Mwandishi wa somo: Aya ya pili.

Mtoto_wa_Mama: Samahani mkuu sijaiona, unaweza kunisaidia tu kwa kifupi

Mwandishi wa somo: Hamna sheria. Mtihani ni wa kusoma, na wewe umeanza kwa kutosoma.

Tumbili Mtulivu: Hahaha mkuu una hasira asubuhi yote hii. Swali langu: 17 mpaka mara ya pili ulipata ngapi? Na alama nzuri ni ngapi?

Mwandishi wa somo: 28. Alama "nzuri" inategemea chuo na mwaka, hamna namba moja ya kupita. Wastani wa watahiniwa wote huwa ishirini na ushei, kwahiyo ukiona mazoezi yako yanakupa 25 usianze kulia, uko vizuri tu.

Dada Zuhura: Kaka mimi nina shida ya kasi. Nikisoma taratibu naelewa lakini naishia kifungu cha nane. Nikikimbia namaliza ila nakosa hovyo. Nifanyeje? Nimebakiza wiki sita.

Mwandishi wa somo: Swali zuri dada. Wiki sita ni nyingi. Kwanza zima saa kabisa wiki mbili, fanya vifungu viwili viwili na uchambue. Wengi kasi yao inapotea kwenye KURUDIA kusoma siyo kusoma, yaani unasoma mara moja juu juu, unaenda kwenye swali, unarudi kusoma tena yote. Soma mara moja kwa utulivu, kila aya jiulize "hii inafanya kazi gani hapa", inatoa dai? inatoa mfano? inamjibu mpinzani? Ukishajua kazi ya kila aya, swali likija unajua urudi wapi. Wiki ya tatu rudisha saa, dakika 10 kwa kifungu, halafu 9, halafu 8. Na siku ya mtihani kama kuna kifungu cha falsafa kinakutoa jasho kiache cha mwisho, hamna sheria ya kufuata mpangilio wao.

Dada Zuhura: Hilo la kurudia kusoma umenisema mimi kabisa. Asante kaka.

Bongolala77: Kwani ni lazima kujifunza? Nasikia wenyewe wanasema mtihani unapima kipaji, huwezi kuusomea. Huu uzi ni kupotezeana muda

Mwandishi wa somo: Kukariri huwezi, hamna cha kukariri. Kufanya mazoezi unaweza. Nilikuwa 17 nikawa 28 na kichwa ni hiki hiki. Asiyetaka asijiandae, uzi wenyewe haumlazimishi mtu.

Kalamu ya Mkaa: Mimi nataka Marekani, je LSAT ni hii hii?

Mwandishi wa somo: Ni ndugu lakini siyo pacha. Kwanza Marekani sheria unasoma baada ya shahada ya kwanza, kwahiyo LSAT inafanywa na watu wazima kidogo. Ina sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za hoja za kimantiki na moja ya ufahamu ndo zinahesabiwa, ya nne ni ya majaribio haihesabiwi na hawakuambii ipi ni ipi, kwahiyo unakaza zote. Alama zinaanzia 120 mpaka 180. Insha inafanyika peke yake. Kuwa makini na vitabu vya kurithi: mpaka katikati ya 2024 kulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga, nani akae karibu na nani, ikaondolewa kuanzia Agosti 2024. Ukiona kitabu kina nusu nzima ya hayo mafumbo usipoteze nayo usiku. Ile dawa ya kukanusha inafanya kazi kule pia, tena zaidi.

Tumbili Mtulivu: Niongezee kitu kwa wanaotegemea simu: jizoezeni kutaipu kwenye kompyuta. Mdogo wangu alikuwa na hoja kali kwenye insha ila vidole viwili vinatafuta herufi, dakika 40 zikaisha ana maneno 280.

Mwandishi wa somo: Hili nilipaswa kuliandika juu kabisa. Shukrani mkuu. Na muwe mnaandika bila programu ya kurekebisha tahajia, mjue makosa yenu kabla mtu mwingine hajayajua.

Mama Kadogoo: Mwanangu ataufanya Oktoba, matokeo yanatoka siku ile ile?

Mwandishi wa somo: Hapana mama. Vyuo vinayapata vyenyewe kwanza. Mtahiniwa aliyefanya kabla ya mwisho wa Januari anatumiwa barua pepe katikati ya Februari. Asikae anafungua barua pepe kila saa, mwache apumzike.

nukta_tatu: Kaka samahani, mimi bado mgeni kwenye haya mambo ila mfano wako umenikosesha usingizi. Jibu (b) linasema waliozuiwa "hawatapata ajali" mchana. Kinyume chake siyo "watapata zile zile", kinyume chake ni "baadhi watapata". Tuseme usiku zilikuwa ajali kumi, ukazuia, mchana zikaongezeka tatu. (b) imekanushwa, lakini ajali si zimepungua saba? Hoja bado imesimama. Au nimechanganya?

Mwandishi wa somo: Hujachanganya. Nimekaa na karatasi dakika kumi natafuta pa kutokea sijapaona. Nimekanusha kwa ukali kuliko sentensi yenyewe, na nimeweka jibu kali mno, jambo ambalo mistari michache chini yake nimewaonya watu walikwepe. Jibu lilitakiwa lisomeke "Siyo ajali zote za usiku zitahamia mchana". Hiyo ukiikanusha, zote zinahamia, kumi kwa kumi, na hoja inaanguka kweli. Juu naacha kama ilivyo, atakayefika huku chini ataliona kosa na rekebisho pamoja. Wewe unafanya lini mtihani?

nukta_tatu: Mwakani. Bado nipo kidato cha tano.

Mwandishi wa somo: Njoo inboksi. Nina daftari langu la makosa la mwaka wa pili, nikupigie picha.

Mtoto_wa_Mama: Mkuu na mimi naomba hilo daftari

Mwandishi wa somo: Umeshasoma aya ya pili?