Kupima na kutibu shinikizo la juu la damu katika zahanati: hatua kwa hatua

Katika huduma ya msingi tunashindwa na shinikizo la juu la damu mahali pawili: kwenye kipimo kilichochukuliwa haraka haraka, na kwa mgonjwa aliyeandikiwa dawa mara moja asionekane tena.

Hatua ya kwanza ni kumpima kila mtu mzima anayefika kituoni, hata aliyeletwa na kikohozi, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili.

Hatua ya pili, ambayo naomba isiharakishwe, ni kipimo chenyewe. Mtu awe amekwenda haja ndogo, na kwa nusu saa asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Aketi kimya dakika 5 akiwa ameegemea kiti, nyayo zote sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ya presha ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Nakumbuka mama mmoja mwenye mkono mnene aliyepimwa kwa mkanda mdogo huku akisimulia safari yake, akapata 158/96. Tulipobadilisha mkanda na kumpumzisha, ikawa 134/82. Alikuwa karibu kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

Hatua ya tatu, ikifika 140/90 au zaidi, ni kurudia siku nyingine ili kuthibitisha. Mwenye presha ya juu sana pamoja na maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili apelekwe hospitali papo hapo.

Hatua ya nne ni matibabu. Wahudumu wote wafuate utaratibu mmoja wa dawa, wakikumbuka kwamba dawa za presha za losatani na enalaprili hazifai kwa mjamzito. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika vyakula vya viwandani. Mgonjwa arudi kila mwezi mpaka presha ishuke chini ya 140/90. Kabla ya kuongeza dozi, muulize kwa upole kama anameza dawa kila siku, kama amlodipini, dawa nyingine ya presha, imemvimbisha miguu, na kama anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hupandisha presha.

Hatua ya mwisho ni rejesta. Kila wiki toa kadi za waliopitisha tarehe ya kurudi, uwapigie simu mmoja mmoja, na ukianza mazungumzo uliza kwanza kilichowazuia kuja.