Mgomba wa ndizi nyekundu, nyuma ya jikoni

Hapa Kasarani, Nairobi, nimeupanda kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, maana baridi ya Julai huudumaza, na ndizi nyekundu huchelewa kuzaa kuliko za kawaida.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Kwangua tunguu lake, ile sehemu nene ya chini yenye mizizi, kwa kisu mpaka lionekane jeupe. Ukiona vijishimo vyeusi, ni fukusi, mdudu anayetoboa tunguu, litupe. La kwanza sikulikagua, shina likaanguka na mkungu mchanga. Niliumia sana.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Maji ya kuoshea mboga nayamwaga hapo. Machipukizi yakiota, bakiza mashina matatu tu: mama (shina kubwa), mtoto (chipukizi lake) na mjukuu (chipukizi dogo zaidi).

Shina lake lina wekundu wa zabibu. Kila asubuhi lazima niliguse.