Kukimbia milima ya Lushoto: jinsi ya kupanga njia yako ya msitu na ya ukingo wa mlima, hatua kwa hatua

Wadau, kila likizo wanapanda huku watu wa klabu za jogingi kutoka Dar na Tanga, raba mpya, saa ya jiipiesi mkononi, na asubuhi ya kwanza wanatoka mjini kwa spidi ileile ya lami ya kwao halafu kilomita ya pili wameshika kiuno. Mimi nakimbia huku na huwa napeleka wageni, kwa hiyo naweka hapa utaratibu ninaoutumia, ni wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi mkoani Tanga, lakini hata milima ya Amani au Uluguru unafanya kazi.

HATUA YA 1: Chagua msimu kwanza, tarehe baadaye

Masika ni Machi mpaka Mei na udongo wetu ni mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa unateleza na unaganda kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito. Shida ni kwamba Pasaka ndo watu wanapanda kwa wingi na Pasaka ndo matope yenyewe. Juni mpaka Agosti pakavu kiasi ila baridi na ukungu, asubuhi unatoka na jaketi na glavu sio ushamba. Mimi ukiniuliza nakwambia Septemba hadi katikati ya Oktoba, au Januari na Februari.

HATUA YA 2: Fika, halafu usikimbie

Mabasi ya Dar–Arusha na Tanga–Arusha yanapita Mombo, hapo unashuka unachukua Noah au kosta kupanda mpaka Lushoto, kama kilomita 33 za kona juu ya kona ukipitia Soni. Mombo joto, Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Sio Kilimanjaro, hautaumwa kichwa, ila mapigo ya moyo yatapanda kwenye mbio ambayo kwenu ni ya kupasha tu. Siku ya kwanza tembea mjini, kula, lala. Siku ya pili nusu saa taratibu kabisa. Njia zenyewe anza siku ya tatu, na kama una wikiendi tu basi kimbia ila ondoa robo ya mpango wako.

HATUA YA 3: Hesabu mlima, sio kilomita

Hapa ndo penye kazi kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anasema mimi nakimbia kumi kila Jumamosi, sawa, lakini kumi ya Barabara ya Bagamoyo haifanani na kumi ya huku. Hesabu rahisi ambayo wakimbiaji wa milimani wanaitumia dunia nzima ni hii: kila mita 100 unazopanda, ongeza kilomita moja. Njia ya kilomita 12 yenye kupanda jumla mita 300, ihesabu kama 15. Kama mwili wako haujawahi kwenda 15, hiyo njia sio yako bado, fupisha.

Utajuaje mita za kupanda? Fungua ramani yenye mistari ya kontua kwenye simu, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zipo programu za bure zinazofanya kazi bila intaneti, ipakue ukiwa mjini maana kwenye mabonde mtandao unapotea. Mistari ikibanana ujue hapo utatembea. Ikiachana, hapo ndo pa kukimbia. Angalia pia jumla ya kupanda na kushuka, sio urefu wa mwanzo na mwisho tu, kwa sababu barabara za huku zinazunguka mabega ya milima, unapanda unashuka unapanda tena, mwisho wa siku umepanda mara mbili ya ulivyodhani.

Halafu uliza wenyeji, lakini uliza vizuri. Ukimwuliza mzee "shikamoo, Magamba ni mbali?" atakwambia hapo tu, na kweli kwake ni hapo tu, anaenda na gunia la karoti kichwani. Uliza hivi: "ukitoka hapa asubuhi kwa mguu unarudi saa ngapi?" Jibu la saa ndo lina maana, kilomita achana nazo. Na akikuonesha njia ya mkato ujue inapanda wima, njia za mkato za Wasambaa hazijui kuzunguka.

HATUA YA 4: Anza na ukingo, yaani Irente

Hii ndo ya kwanza kwa kila mtu. Kutoka mjini unashika barabara ya vumbi kwenda Yoghoi halafu Irente, kama kilomita 5 au 6 kwenda tu. Mwanzo unapanda kweli, baadae inatulia, unapita migomba na mashamba ya maharage na mikaratusi, watoto wanaenda shule na watakukimbiza na madaftari mkononi na watakushinda, usijali. Mwisho wa njia mlima unakatika ghafla. Chini kama kilomita nzima kwenda chini unaona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu imekuwa kamstari, na mbele nyika mpaka macho yanachoka. Pale ni jabali, kwa hiyo mita za mwisho tembea, usiingie unakimbia na simu inarekodi. Beba hela ndogo ya kiingilio.

Watu wote wanataka kwenda jioni kwa sababu panaangalia magharibi na jua linazama mbele yako. Ni pazuri, sikatai, ila jua likizama huku giza haliombi ruhusa, na unarudi kilomita tano kwenye vumbi lenye bodaboda. Kwa mkimbiaji mimi nasema asubuhi: toka saa 12 na nusu, jua liko nyuma yako, nyika yote chini bado ipo kwenye kivuli cha milima, hewa safi na vumbi halijaamka. Ukungu ukiwa mzito subiri kidogo, mara nyingi unapanda wenyewe. Ukirudi pita Irente Farm ule mkate wao na jibini, hiyo ndo sababu yangu mimi ya kukimbia kama mnataka ukweli.

HATUA YA 5: Msitu, yaani Magamba

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2010, zaidi ya hekta 9,000, ipo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo hauingii kama unaingia uwanja wa mpira. Siku moja kabla nenda ofisi zao au tumia muongozaji wa mjini akusaidie kibali, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho. Na muongozaji mwambie mapema kwamba mnakimbia, sio kutembea, wengine wanakuja na gambuti. Vijana wanaokimbia wapo.

Magamba iko kama kilomita 7 au 8 kutoka mjini na ni kupanda mwanzo mwisho. Usipoteze miguu hapo. Panda bodaboda mpaka getini, miguu mibichi uitumie msituni, halafu ushuke mjini kwa kukimbia. Hii mbinu watu wanaiona ya kivivu ila ndo inakufanya uufaidi msitu badala ya kuupita umeinama unahema.

Ndani ni kitu kingine. Mikulo, ile miti mikubwa ya mbao, yenye ndevu za kuvumwani, njia imefunikwa majani, baridi, kimya mpaka mbega waruke juu na ile mikia yao yenye ncha nyeupe. Sehemu za njia ni barabara za zamani za kukatia mbao, zile zinakimbilika vizuri sana. Nyingine ni mizizi mitupu, na mzizi uliolowa unateleza kuliko tope. Usiukanyage juu, uvuke. Macho yaangalie hatua tano mbele, sio kwenye kidole chako.

Siafu pia, hasa baada ya mvua. Ukiona mstari mweusi umekata njia, ruka na endelea, usisimame karibu kupiga picha. Soksi ndefu, suruali ya kubana ingia nayo ndani ya soksi, hakuna anayekucheka msituni.

HATUA YA 6: Kupanda na kushuka

Kupanda: ukishindwa kusema sentensi moja bila kukata pumzi, tembea. Mikono juu ya magoti, hatua fupi. Hata mabingwa wa mbio za milimani wanatembea kwenye mwinuko mkali, hamna aibu.

Kushuka ndo kunaumiza. Mapafu yanapumzika kwa hiyo unajiona shujaa, unaachia, kumbe misuli ya mbele ya mapaja ndo inafanya kazi ya breki na kesho yake ngazi za gesti unashuka kwa makalio. Hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea, usitue na kisigino mbele yako, mikono iachie pembeni kwa balansi.

HATUA YA 7: Vya kubeba

Maji lita moja kwa kila njia ya zaidi ya saa moja. Mito ya huku inavutia ila juu kuna mashamba ya mboga na yanapigwa dawa, usinywe. Jaketi jepesi la mvua hata kama kumekucha jua. Filimbi, tochi, simu yenye chaji, ndizi mbili. Raba zenye meno sio lazima mpya, za mtumba zipo nzuri tu, ila usije na zile soli laini za lami. Mwambie mtu wa gesti njia unayopita na saa ya kurudi. Kinadada, msituni msiende peke yenu, na kusema kweli hata wanaume mimi siwaruhusu.

Mbwa wa mashambani: acha kukimbia, tembea, inama kama unaokota jiwe. Inatosha. Na salimia watu, unapita kwenye viambo vyao na mbele ya milango yao, ukipita umevaa earphone bila shikamoo ukirudi umepotea hakuna atakayehangaika kukuonesha.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu kushuka Lushoto mpaka Soni kwa lami ili aone maporomoko. Maporomoko kaone, kwa Noah. Ile barabara ni nyembamba, kona zimefunga, pembeni hakuna pa kukimbilia na magari ya mboga yanashuka yamejaa.

Mkizimaliza hizi mbili na miguu bado inadai, ipo Mtae, kijiji kule mwisho wa safu ya Usambara, mnalala hukohuko mnakimbia ukingo unaoangalia Hifadhi ya Mkomazi, ila hiyo gari inapanda muda mrefu na inahitaji siku mbili zake, nitaiandikia peke yake.