Kufunga dashibodi ya Netdata isionwe na kila mtu

Netdata, programu inayoonyesha hali ya seva kwa takwimu na grafu, ikishawekwa kwenye seva, kwa kawaida husikiliza kwenye poti 19999 katika anwani zote za mashine, na takwimu zake hutolewa bila kudai nenosiri. Seva ya kiwanda cha sangara hapa Mwanza ikipewa anwani ya umma huku ikiwa katika hali hiyo, mgeni yeyote ataweza kusoma majina ya diski, watumiaji wa mfumo na saa ambazo mashine huelemewa.

Kabla ya kufikiria nenosiri, fungua faili la netdata.conf na, chini ya [web], andika bind to = 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe, isiyofikiwa kutoka nje), kisha uanzishe huduma upya. Amri ya ss -tlnp inapaswa kuonyesha 127.0.0.1:19999, ukiona 0.0.0.0:19999 (yaani anwani zote), badiliko halijashika. Jaribu pia kuifungua kwa simu inayotumia bando lake yenyewe, kwa kuwa Wi-Fi ya ofisini inaweza kukupa jibu la kupotosha.

Ikiwa wanaoitazama ni mafundi wawili au watatu, kwa maoni yangu SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, inatosha. Fundi huandika ssh -L 19999:127.0.0.1:19999 pamoja na jina lake na la seva, kisha hufungua http://localhost:19999 kwenye kompyuta yake. Njia hii humfaa hata aliye kwenye meli ya kwenda Nansio, ambaye anwani yake ya intaneti hubadilikabadilika, na ambaye orodha ya anwani zilizoruhusiwa ingemfungia nje.

Meneja asiyejua SSH ndiye anayetulazimu kuweka Nginx, seva ya wavuti, mbele ya Netdata, ikielekezwa kwa proxy_pass http://127.0.0.1:19999. Anza na cheti cha https cha Let's Encrypt, ambacho kwa kawaida hudumu siku 90 na programu ya Certbot hukihuisha, kwa sababu auth_basic, kipengele cha Nginx cha kudai nenosiri, hupeleka nenosiri likiwa katika base64 tu, ambayo yeyote anayelinasa njiani huifumbua papo hapo. Nenosiri la kwanza hutengenezwa kwa amri ya htpasswd -c; kwa mtumiaji wa pili ondoa -c, la sivyo faili litaandikwa upya na wa kwanza atafutika. Kagua mipangilio kwa amri ya nginx -t, ipakie upya, kisha ufungue ukurasa bila nenosiri: jibu linalotakiwa ni 401 (hujaruhusiwa), na kwa anayejaribu http, aelekezwe kwenye https kabla ya kuulizwa chochote.